Jua kwanza kilichomo kichwani: niliyopitia nikificha mvi nyumbani

Mvi zangu zilianzia panja la kushoto, sijafika hata miaka 40. Upande wa mama ndivyo tulivyo. Mama mwenyewe alikuwa na kichwa cheupe tangu mimi niko sekondari, kwa hiyo sikushtuka. Kilichonisukuma kupaka rangi ni shikamoo. Nilihamishiwa shule mpya Dar es Salaam, na walimu wa rika langu, wengine nadhani wamenizidi umri, wakawa wananiamkia shikamoo kila asubuhi. Nikiitikia marahaba naumia moyoni. Haikupita muda nikapitia duka la vipodozi.

Nilichonunua kila mtu anakijua: kile kipaketi cha unga mweusi kutoka India, shilingi 1,500. Unakoroga na maji, unapaka, unasubiri nusu saa, unasuuza. Na kinafanya kazi. Nalisema hilo wazi kwa sababu wanaotoa ushauri wa rangi wengi huanza kwa kukiponda, wakati ndicho tunachomudu. Mvi zilipotea kabisa, na kwa muda mrefu sikuwa na malalamiko.

Matatizo yalikuja polepole. Nywele hukua kama sentimita 1 kwa mwezi, na karibu na weusi ule mzito kila milimita ya mvi inaonekana. Hata mwezi haujaisha, mstari mweupe umeshachungulia kwenye njia ya nywele. Napaka tena, na kila nikipaka napaka kichwa kizima kuanzia shina hadi ncha, wakati shina ndilo lililohitaji na ncha zimeshashiba. Zikawa nyeusi ya kuelekea bluu, kavu, zinakatika kwenye kitana. Usoni nikaonekana nimechoka kuliko nilivyokuwa na mvi zangu. Nywele zetu tunazoziita nyeusi, ukizitazama juani, nyingi zina kahawia ndani yake. Ule weusi wa kipaketi hauna kahawia hata chembe, na uso wa mtu mzima haukai vizuri chini yake.

Nikaamua kuhamia kwenye kahawia. Nikaenda Kariakoo, nikachagua boksi lenye picha nzuri, shilingi 18,000, ubavuni limeandikwa 5.4. Namba hizo wakati ule nilizipita kama namba za kiwandani. Leo ndicho kitu cha kwanza ninachotazama.

Jumamosi ile kichwa changu kilitoka na rangi tatu. Ncha zilibaki nyeusi vilevile, kana kwamba sikuzigusa. Shina la utosini lilikuwa chungwa linalowaka. Panjani mvi zilikuwa palepale, zimeshika unjano wa mbali tu. Nilikaa bafuni nikalia. Jumatatu nikafunga kilemba, na nikaendelea kukifunga. Wanafunzi wakawa wanaulizana kama nimefiwa. Mume wangu hakusema neno, na ukimya wake niliusoma vibaya. Baadaye aliniambia aliogopa kuniongezea uchungu.

Kwa nini rangi tatu kutoka bakuli moja? Hapa nitaeleza kwa urefu, maana ndipo pesa nyingi hupotelea.

Rangi haiondoi rangi. Ukishapaka nyeusi ya kudumu, huwezi kupaka kahawia juu yake ukategemea nyeusi iondoke. Kahawia itaingia, lakini ndani ya weusi haitaonekana. Ndiyo maana ncha zangu hazikubadilika. Mtu mwenye nyeusi kichwani akitaka kahawia ana njia tatu: kuitoa nyeusi kwa dawa maalumu, kuikata, au kuisubiri ikue. Boksi lolote linaloonyesha vinginevyo pichani linaonyesha nywele ambazo hazijawahi kupakwa.

Kuhusu lile chungwa: namba ya kwanza kwenye boksi ni kiwango cha weusi. 1 ni nyeusi kabisa, 3 ni kahawia iliyokolea, 4 kahawia ya wastani, 5 kahawia nyepesi, unapanda hivyo hadi 10 ambayo ni njano nyepesi sana. Namba baada ya nukta ni mwelekeo wa rangi: .1 ni majivu, .3 dhahabu, .4 shaba. Sifuri, au herufi N kwa makampuni mengine, maana yake ni rangi ya asili isiyoelemea popote. Mvi haina melanini, ile chembe inayozipa nywele rangi, kwa hiyo chini yake hakuna weusi wa kuituliza shaba. Shaba inasimama peke yake na kuwaka. Ungepaka .1 tupu juu ya mvi, ungeweza kuambulia ukijivu au hata ukijanikibichi. Mwenye mvi nyingi anahitaji ile ya sifuri kama msingi. Akitaka dhahabu au shaba, aichanganye na ya asili ya kiwango hichohicho. Mvi zikiwa nusu ya kichwa, walau nusu ya mchanganyiko iwe ya sifuri.

Nywele zangu nyeusi zilizokuwa zinaota katikati ya mvi nazo zilichangia. Peroksaidi iliyomo kwenye boksi, ndani ya ile chupa ya kuchanganyia rangi iitwayo developa, hupunguza weusi wa asili kidogo, na chini ya weusi wetu kuna wekundu na chungwa. Ongeza joto la ngozi ya kichwa, ambalo huharakisha kazi hiyo karibu na shina, utaelewa kwa nini pale ndipo palipowaka zaidi.

Panja ni habari nyingine. Mvi za pale kwa watu wengi ni ngumu, magamba yake ya nje yamebana, rangi inakalia juu bila kuingia. Na mimi nilianza kupaka kisogoni nikamalizia panjani, kwa hiyo sehemu sugu kuliko zote ndiyo iliyopata dakika chache kuliko zote.

Haya yote sikuyajua siku ile. Nilichojua ni kwamba nahitaji msaada, nikaenda saluni moja ya karibu na nyumbani. Dada aliyenipokea alikuwa mchangamfu na mwenye haraka. Hakuniuliza nimepaka nini. Alisema rangi imekataa kwa sababu developa ilikuwa hafifu, atanipa kali. Akanipaka rangi yenye developa ya 40, yaani peroksaidi ya asilimia 12, kwenye nywele zangu za dawa ya kunyoosha, ambazo nilizifanyia ritachi siku chache nyuma. Ngozi ilianza kuwaka mapema. Nilipomwambia, alisema nivumilie kidogo ndiyo inashika. Nililipa shilingi 45,000 nikatoka na mvi zilizogeuka njano, vidonda viwili nyuma ya sikio, na ndani ya wiki hiyo nywele za mbele zikaanza kukatika kwenye mto wa kulalia.

Naomba mtu yeyote anayesoma hapa akumbuke: rangi ikiwasha kidogo unaweza kusema ni kawaida, lakini ikichoma, inasuuzwa saa hiyohiyo. Hakuna rangi inayoshika kwa maumivu. Na kufunika mvi hakuhitaji developa kali. Developa ya 20, yaani asilimia 6, ndiyo ya kazi hiyo. Ya 30 na ya 40 kazi yake ni kupandisha nywele kuelekea weupe, na mvi tayari ni nyeupe. Huna cha kupandisha.

Kuhusu dawa ya kunyoosha, kanuni ni kwamba dawa inatangulia, rangi ya kudumu inafuata baada ya wiki mbili au zaidi. Ukianza na rangi, dawa itaichuja. Ukivifanya pamoja, nywele hazina pa kushikilia, zinakatika. Nywele za dawa pia hunywa rangi haraka na kwa wingi, ndiyo maana dada wawili wakitumia boksi moja, mwenye nywele za dawa hutoka na weusi zaidi ya mwenye nywele za asili.

Aliyenitoa kwenye shida ni mama mmoja mtu mzima kule Temeke, niliyeelekezwa na jirani. Saluni yake ndogo, viti viwili. Kabla sijakaa vizuri aliniuliza, "Mwanangu, humu kichwani kuna nini na nini?" Akataka kujua kila kitu cha miaka miwili iliyopita: vipaketi, boksi, hina kama niliwahi, dawa mara ya mwisho lini. Akaandika kwenye daftari. Kisha akakata nywele chache za kisogoni, mahali pasipoonekana, akaziloweka kwenye developa ndani ya bakuli la kioo, akaziacha nusu saa huku akishikashika bakuli.

Alikuwa anapima joto. Baadhi ya rangi za unga, na baadhi ya hina za paketi zisizo safi, zina chumvi za madini. Chumvi hizo zikikutana na peroksaidi zinaweza kupandisha joto, kutoa moshi, kugeuza rangi ya ajabu na kuyeyusha nywele. Bakuli likipata moto au nywele zikilainika kama makamasi, hakuna rangi ya peroksaidi inayopita hapo. Mtu anasubiri zikue. Bakuli langu lilibaki baridi. Kipimo hiki kinafanyika hata nyumbani, hakigharimu kitu, na nywele za kutosha unazipata kwenye kitana chako mwenyewe.

Hakupaka rangi siku ile. Alinipa muda wa kuponya ngozi, akanifanyia stimingi ya kulainisha, safari iliyofuata akanipa ya protini, akanikataza dawa ya kunyoosha. Nilirudi na kilemba changu shuleni, nikiwa na hasira kidogo kwamba nimelipa na bado natisha. Kusubiri ndiko kulikonishinda kuliko gharama. Ukiwa na kichwa cha rangi tatu, kila sauti ndani yako inasema paka kitu leo. Dada yangu, usipake. Tatizo la rangi iliyoshindikana halizidi likisubiri, huzidi ukiliongezea.

Ngozi ilipopona, alitumia dawa ya kutoa rangi. Hii si blichi. Blichi inachoma rangi yote, ya kwako ya asili na ya kupaka, na kwenye nywele za dawa ni hatari tupu. Dawa ya kutoa rangi inavunja zile chembe kubwa za rangi ya kudumu ziwe ndogo, halafu maji yanazitoa. Rangi yako ya asili haiguswi. Inanuka mayai yaliyooza, na harufu hubaki siku kadhaa ukilowana. Kazi kubwa iko kwenye kusuuza: maji mengi, yanayotiririka, dakika 20 na zaidi, shampuu, tena maji. Ukikatisha mapema, chembe zilizobaki kichwani hukutana na hewa, zinaungana upya, na asubuhi unaamka na weusi uleule. Kwa hiyo kama mtaa wenu maji yanatoka kwa mgawo, hakikisha simtanki limejaa kabla hujafungua chupa. Mama alituma kijana aongeze ndoo katikati ya kazi yangu.

Dawa hiyo haitoi hina, na haitoi chumvi za madini. Ndiyo sababu nyingine ya lile swali lake la kwanza. Kwa aliyepaka rangi jana tu akaona imekolea mno, shampuu ya kusafisha kwa kina, au shampuu iliyochanganywa na unga wa vitamini C, inaweza kuipunguza kidogo. Kwangu mimi, mwenye weusi wa miaka, vitamini C isingefanya kitu.

Nilipojitazama kwenye kioo baada ya kukaushwa, ncha zilikuwa kahawia yenye madoa, huku imekolea huku imepauka. Nikaingiwa na hofu. Yeye alikuwa ametulia, kwa sababu ndicho alichokitegemea. Shina lenye mvi alilipaka 4.0 kwa developa ya 20. Urefu wa nywele hakuupaka ileile. Aliupaka rangi ya muda wa kati isiyo na amonia, ya asili, nyepesi kwa ngazi moja, kwa kuwa nywele zilizotoka kutolewa rangi hufyonza kupita kiasi na hukolea kuliko boksi linavyosema.

Alinifundisha kupaka panja, na sasa nafanya mwenyewe. Nywele ziwe kavu, hazijaoshwa leo, hazina mafuta mazito. Paka vaselini kwenye paji na masikioni, pembeni ya nywele na si juu yake, maana mvi iliyopata vaselini haitashika rangi. Kwa pamba, gusa developa ya asilimia 6 kwenye mvi sugu peke yake, acha kama dakika 10 hadi 15 magamba yalainike, kisha futa ikauke. Ndipo unaanza kupaka rangi, na unaanza hapohapo panjani. Tenga nywele kwa kichana cha mkia katika vipande vyembamba, nusu sentimita hivi, rangi iwe nyingi imelala juu ya nywele, usiisugue. Kisha paji, kisha njia ya kati, kisogo mwisho. Anza kuhesabu dakika unapomaliza kupaka. Kwa mvi ngumu maelekezo mengi huenda hadi dakika 45. Fuata ya boksi lako, usitoe mapema kwa sababu inaonekana imeshaiva. Rangi huonekana nyeusi kwenye bakuli na kichwani muda mrefu kabla haijamaliza kazi ndani ya nywele.

Ncha hazipakwi kila mara. Dakika tano za mwisho, lowanisha kidogo, vuta rangi iliyopo shina ishuke, basi. Hilo moja lingeniepusha na ule weusi wa bluu.

Kwa mama wa Temeke nilitumia shilingi 85,000 kwa jumla, mbali na nauli. Ukijumlisha boksi na saluni ya kwanza, ni karibu laki moja na nusu kurekebisha kichwa kilichokuwa kinaishi kwa 1,500. Si pesa ndogo kwa mshahara wa mwalimu.

Sasa kuna jambo zito zaidi ya chungwa na kilemba, nalo ni la mdogo wangu. Yeye anaishi Moshi, lakini aliolewa Tanga, na siku ya kupambwa alichorwa maua mikononi kwa hina na piko, kama bibi harusi yeyote wa Pwani. Piko ndiyo rangi ileile ya nywele: ule unga mweusi una kemikali iitwayo parafenilini diamini, kwa kifupi PPD. Maua ya hina hayakumdhuru. Penye piko paliwasha, pakainuka, pakaacha alama iliyokaa miezi. Tulisema ni damu yake mbaya, tukacheka, tukasahau.

Miaka ikapita, naye mvi zikaanza, akapaka rangi nyumbani. Usiku uleule kichwa kikaanza kuwasha. Kesho yake kope zimevimba hata macho hayafunguki, masikio yamejaa, ngozi ya kichwa inatoa majimaji. Alipelekwa KCMC, hospitali kubwa ya hapo Moshi, ambako kuna kituo kinachofundisha wataalamu wa ngozi kutoka nchi mbalimbali za Afrika, na mtaalamu aliyempokea swali lake la awali lilikuwa kama amewahi kupakwa piko. Akaeleza kwamba mwili ukishaikataa PPD mara moja, hausahau maisha yote, na mara inayofuata huwa kali zaidi. Alitibiwa, akapona, nywele nyingi zilidondoka na kuota tena. Lakini nilipomwona kwenye picha ya video sikumtambua ndugu yangu wa tumbo moja.

Sheria za Ulaya zinaruhusu PPD kichwani isizidi asilimia 2 baada ya kuchanganywa, na haziruhusu kabisa kuchorea ngozi. Piko la kukoroga mtaani halina wa kulipima, na tunalipaka mikononi mwa mabinti wa miaka 20, hata watoto wadogo siku ya Idi. Nawaomba mama zangu na dada zangu wapambaji: hina safi inatosha, ikolee au isikolee. Na kinachouzwa kama hina nyeusi, kinachotoa weusi mtupu kwa dakika chache, si hina. Hina safi hutoa chungwa na wekundu wa kahawia, basi.

Kwa hiyo kila boksi jipya napima. Napaka tone la rangi nyuma ya sikio au ndani ya kiwiko kwa kufuata karatasi ya ndani ya boksi, nasubiri saa 48. Pakiwasha, pakiwa pekundu, boksi halipandi kichwani hata liwe limegharimu kiasi gani. Lakini aliyewahi kuvimba kwa piko au kwa rangi asijipime mwenyewe. Aende kwa daktari wa ngozi. Maneno "haina amonia" kwenye boksi hayamlindi, kwani amonia na PPD ni vitu viwili tofauti, na hata zile zilizoandikwa hazina PPD nyingine zina toluini diamini, ambayo wengi wa walioathirika na PPD huathirika nayo pia. Uso ukivimba au pumzi ikibana, hiyo ni hospitali saa hiyohiyo, huku mwingine akiendelea kusuuza kichwa. Na vile vipaketi visikae mahali watoto wanafika: vikimezwa huvimbisha koo na kuharibu figo.

Mdogo wangu sasa anatumia njia ya shangazi yetu wa Tanga. Shangazi ana miaka zaidi ya 70, kwa sababu za dini hapaki weusi mtupu, na kichwa chake kina kahawia nzuri sana. Anatumia unga safi wa hina na unga wa nili, ule wa majani, usioongezwa kitu. Hina anaikoroga kwa maji ya ndimu, anaiacha usiku mzima itoe rangi. Nili haisubiri: anaikoroga kwa maji ya vuguvugu, chumvi kidogo, kama robo saa, na inatumika papo hapo kabla haijafa. Kwa kahawia anachanganya nusu kwa nusu, anafunga kichwa kwa mfuko wa plastiki kwa saa mbili au tatu. Anayetaka nyeusi anapaka hina kwanza, anasuuza, halafu nili peke yake. Nili ikitoka kichwani huwa na ukijani unaotisha, na shampuu haiguswi kwa siku mbili wakati rangi inakolea yenyewe. Ni kazi ya siku nzima na shuka zinachafuka. Mimi nilimuuliza kama nihamie huko, akaniambia, "Mwanangu, ukishaingia hina, hutoki kirahisi," maana hina haitolewi kwa ile dawa ya kutoa rangi. Nikabaki kwenye boksi.

Boksi nanunua dukani penye risiti, lenye maelezo ya viambato kwa lugha ninayoisoma na tarehe ya mwisho. Tangu 2019 vipodozi viko chini ya TBS, Shirika la Viwango Tanzania, na kipodozi kikiwa kimezuiwa wao ndio wa kuulizwa. Napaka shina kila baada ya wiki tano au sita. Katikati, panja likianza kuchungulia na nina kikao, natumia kijiti cha kupaka juu juu kinachotoka kwa maji, kwa kuwa kupaka rangi ya kudumu kila mvi inapochungulia ndiko kulikonifikisha nilikofika. Siku mbili tatu za kwanza siogi kichwa. Tukienda Kigamboni ufukweni nafunga kitambaa. Jua na maji ya chumvi huipausha kahawia irudi kuelekea chungwa. Ikianza kuwaka hivyo, shampuu ya bluu mara moja kwa wiki inaituliza, kwani bluu huua chungwa. Ile ya zambarau wanayouza sana ni ya kuua njano, haitakusaidia.

Daftari nami ninalo. Naandika tarehe, jina la rangi, namba, developa, dakika, na lini niliweka dawa. Nikienda kwa msusi mgeni namsomea kabla hajashika kichana, na asiyetaka kusikiliza namuaga.

Mwaka huu mvi zimepita nusu ya kichwa upande wa mbele, na 4.0 imeanza kuonekana nzito karibu na uso. Nafikiria 5.0. Nimeshaijaribu kwenye nywele za kitana: mvi zimeshika vizuri, na zile za zamani zenye 4.0 hazikubadilika hata kidogo, kama nilivyotarajia. Kwa hiyo shina litapanda ngazi moja, na urefu nitaupunguza kwa mkasi kidogo kidogo kila ninapokwenda Temeke, mpaka ile ya zamani iishe.